Nilimpita mara mbili: siku niliyokutana na rafiki wa WhatsApp huko Randburg

Leo sitaandika juu ya mitihani wala malezi. Nitaandika juu ya kosa langu mwenyewe, kwa sababu najua wengi wenu mna marafiki wa kwenye simu ambao hamjawahi kuwatia machoni, na iko siku mtakutana nao.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 2025, saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama ndani ya jumba la maduka la Cresta, huko Randburg, kaskazini-magharibi ya Johannesburg. Nje baridi ilikuwa kali, maana Julai kule ndiyo katikati ya kipupwe. Mkononi nilikuwa na mfuko wa halwa ya Maskati na kichupa cha mafuta ya udi. Nilikuwa namtafuta mwanamke niliyezungumza naye karibu kila siku kwa miaka mitano. Sauti yake nilikuwa naijua. Dawa zake za presha nilikuwa nazijua, na majina ya wajukuu zake pia. Uso wake sikuujua.

Wanawake sita

Mambo yalianza Aprili 2020, pale mkoa wa Maskati ulipofungwa kwa sababu ya korona na Ramadhani ikatukuta majumbani. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nilisoma sekondari ya misheni chini ya masista, kisha nikarudi kufundisha Kiswahili na jiografia katika sekondari ya aina hiyohiyo mpaka nikastaafu. Siku hizi naishi Seeb kwa mwanangu. Wajukuu wangu wanasema Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili wanakielewa, lakini ukiwauliza jambo wanakujibu kwa lugha nyengine. Nikaona tusipofanya kitu, lugha hii tutazikwa nayo.

Basi tukaanzisha kundi dogo la WhatsApp, wanawake sita. Kila usiku baada ya tarawehe, ambazo mwaka ule tuliswali nyumbani, mmoja wetu alituma kwa sauti kitendawili, methali au ngano, na wengine tukawawekea wajukuu wasikilize. Hatukuitana majina, tuliitana kwa miji: Bi Salala, Bi Sharjah, Bi Kisauni, Bi Leicester, mimi Mwalimu, na Bi Randburg. Huyu wa mwisho aliletwa na Bi Kisauni. Walijuana kwenye biashara ya vitambaa.

Bi Randburg ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Akisema "Paukwa!", mjukuu wangu mdogo anaacha mchezo wake anakuja mbio kuitikia "Pakawa!" Herufi zake zilitoka safi, dhali mahali pake na ghaini mahali pake. Hachanganyi Kiingereza. Mara mojamoja alitia neno ambalo sikuwahi kulisikia, nami nikajiambia kwamba hilo litakuwa la Kibajuni, au la Barawa, au la Wangazija. Polepole nikamchora kichwani: bibi wa makamo, mweupe kidogo, buibui, nyumba yenye baraza na uwa, mume mfanyabiashara aliyehamia Afrika Kusini. Hakuna hata moja katika hayo aliloniambia yeye.

Mwaka 2021 nilituma ujumbe wa sauti kwa kundi zima, nikasema: "Wallahi dada zangu, Kiswahili kama hichi hakitoki bara. Hichi ni cha mtu wa asili." Nilikusudia kumsifu. Yeye akajibu kwa kicheko kifupi na "asante Mwalimu", tukaendelea na kitendawili chetu. Tafadhali yashikeni maneno hayo, nitayarudia.

Tokea hapo, kila tulipopigiana simu ya video, kamera yake ilikuwa na shida. Mara simu mbovu, mara mtandao hauna nguvu, mara umeme umekatika. Kwa umeme hatukushangaa. Miaka ile Afrika Kusini walikuwa wakikatiwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa.

Kabla ya simu kulikuwa na kadi

Vijana wetu wanadhani urafiki wa mtu usiyemwona umeletwa na intaneti. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1970 sista wetu mmoja alitugawia anwani za wanafunzi wa nchi nyengine, kila msichana na rafiki wake wa kalamu. Wangu alikuwa Lusaka. Tuliandikiana miaka mitatu, nikapata picha yake moja ndogo, halafu barua zikakatika. Mpaka leo sijui aliishia wapi.

Halafu kulikuwa na salamu za redioni. Wenzangu wa Kenya na Tanganyika mtakumbuka. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimu, unaipeleka Sauti ya Kenya au Radio Tanzania, kisha unakaa na redio ukingoja jina lako lisomwe. Walikuwepo watu waliojulikana nchi nzima kwa salamu tu, wenye lakabu ndefu kuliko za masultani. Sauti ya Kenya ilipogeuka KBC mwaka 1989, salamu ziliendelea. Mashabiki wakaanzisha vilabu. Wakawa wanasafiri kwenda kutembeleana, wakachangiana harusi na misiba, watu waliojuana kwa majina hewani.

Baba mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alituambia kwamba siku ya kukutana, neno la kwanza kila mara lilikuwa lilelile: "Kumbe wewe ndiye!" Kumbe mfupi, kumbe kijana, kumbe ni mwanamke. Wakacheka, wakaagiza chai. Mimi nilidhani "kumbe" ni neno jepesi.

Mwanangu atia shaka

Mwaka jana nikaamua kwenda. Nina miaka sitini na kitu, magoti yananisumbua, na mtoto wa dada yangu anaishi Mayfair, Johannesburg, mtaa wenye Waislamu wengi, Wahindi na Wasomali. Pasipoti yangu ni ya Kenya, na tokea Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Nikasema nisipokwenda sasa, nitakwenda lini?

Mwanangu akakataa. "Mama, mtu wa miaka mitano bila kamera? Unajuaje kama ni mwanamke? Unajuaje kama ni mmoja?" Hakuwa anasema upuuzi. Sote tumesikia habari za watu walioitwa na "rafiki" wakaenda kuporwa, au kutekwa na jamaa zao kutakiwa fedha. Johannesburg ina mazuri mengi lakini si mji wa kuzururia. Nami miaka yote niliwafundisha wasichana wangu kwamba mtu anayejificha usoni ana sababu. Nisingeweza kuwakataza wao halafu nijihalalishie mimi.

Tukakubaliana hivi. Mtoto wa dada yangu akamwone kwanza. Akaenda, akarudi na jibu fupi: "Khalati, ni mama mzima, mcha Mungu, fundi wa cherehani. Njoo tu." Hakuongeza neno. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia zaidi. Akanitazama: "Zaidi gani?"

Randburg

Jina la Randburg nililijua kabla sijamjua yeye. Makao makuu ya MultiChoice, wenye DStv, yako huko, kwa hivyo king'amuzi kilichotuonyesha mipira na tamthilia Mombasa miaka yote kina kwao. Mji wenyewe ulifanywa manispaa mwaka 1959 kwa kuunganisha vitongoji kadhaa, wakati wa ubaguzi wa rangi, ukiwa mji wa Wazungu. Mwaka 2000 ukaingizwa katika jiji kubwa la Johannesburg. Barabara zimebadilishwa majina. Iliyokuwa ya Hendrik Verwoerd, waziri mkuu aliyeusimika ubaguzi ule, leo inaitwa Bram Fischer, wakili aliyewatetea kina Mandela katika kesi ya Rivonia.

Nyumba nyingi bado zina kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu. Lakini ndani ya Randburg hiyohiyo kuna Windsor, mtaa wa fleti za kupanga, ambako utakuta Wakongo, Wanaijeria, Wazimbabwe na watu wa kila upande wa Afrika. Bi Randburg alikuwa akikaa huko. Mimi sikujua. Nilikuwa bado nipo kwenye baraza niliyomjengea kichwani.

Saa nne na nusu

Tuliahidiana kwenye mkahawa ndani ya jumba la maduka, mahali pa watu, mchana. Mtoto wa dada yangu akaniteremsha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Nikaingia peke yangu.

Nikapita mbele ya mkahawa nikiangalia meza. Kulikuwa na Wazungu wazee wawili, kijana na kompyuta yake, familia ya Kihindi, na mwanamke mweusi mnene kidogo aliyevaa koti zito la kahawia na kilemba cha kitenge, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Aliinua mkono. Nikadhani anamsalimu mtu aliye nyuma yangu, nikasonga mbele. Nikafika mwisho, nikageuka, nikapita tena. Na hapa nataka kusema kweli kama nilivyowataka wanafunzi wangu waseme kweli: mara ya pili nilimwona vizuri, nikajiambia huyu atakuwa mfanyakazi wa nyumbani anamngoja tajiri wake. Macho yakaendelea na safari yao.

Nikatoa simu nikapiga. Ikalia hatua kumi kutoka niliposimama, juu ya meza ya yule mwanamke.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ileile ya Paukwa, "umenipita mara mbili."

Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Tukakumbatiana. Miguu yangu haikuwa na nguvu. Na badala ya kusema "kumbe wewe ndiye" kama watu wa salamu, ulimi wangu ukatoa swali baya kuliko yote: "Kwani wewe ni mtu wa wapi?"

Kasongo

Ni mtu wa Kasongo, mkoa wa Maniema, mashariki ya Congo.

Wasomaji wengi mtalijua jina hilo kutoka hadithi za wazee. Kasongo na Nyangwe ndiyo iliyokuwa miji ya wafanyabiashara wetu wa pwani katika karne ya 19, zama za Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip ambaye nyumba yake watalii wanaonyeshwa mpaka leo Mji Mkongwe, Unguja. Walikwenda kutafuta pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na watu, na watu nao waliuzwa. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliiteka Kasongo, na mwaka uliofuata utawala wa Waarabu kule ukamalizika. Lugha haikuondoka. Wakongo wengine wanakiita Kiswahili chao Kingwana, kwa kuwa kilikuwa lugha ya waungwana. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Congo. Cha Lubumbashi kimekwenda njia yake, kule watu ni "batu" na vitu ni "bintu". Cha Kasongo kimebaki karibu zaidi na cha pwani, na Maniema ni mkoa wenye Waislamu wengi. Kwa hivyo sikio langu halikukosea sana. Akili ndiyo iliyokosea.

Alinieleza polepole, kahawa ikipoa. Bibi mzaa bibi yake aliletwa Kasongo akiwa mtoto, kutoka kijiji ambacho jina lake limepotea, akatiwa katika nyumba ya tajiri wa pwani. Huko ndiko alikojifunza kuswali, kupika pilau, na kusema "Paukwa". Ngano zote alizowasimulia wajukuu zangu zilishuka kutoka kwa yule mtoto.

"Kiswahili changu kilitoka kwenu, Mwalimu," akasema. "Lakini hatukukipata bure."

Sikuwa na la kujibu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na mashamba. Nyumbani kwetu mambo hayo yalisemwa kwa mafumbo, "wale watu wa zamani", halafu mazungumzo yakageuzwa.

Akaendelea. Aliikimbia vita ya mwaka 1998, akavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na baada ya miaka akateremka kusini. Mwezi Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra, upande wa pili wa Sandton, na watu zaidi ya 60 wakauawa nchini, yeye alikuwa tayari yuko Johannesburg na watoto wawili. Wageni walikuwa wakiitwa "makwerekwere", jina la kuwadhihaki kwa lugha zao. Basi akawakataza watoto kusema Kiswahili njiani wala ndani ya basi. Miaka kumi baadaye serikali ya Afrika Kusini ikatangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni kama somo la hiari. "Nikacheka peke yangu cherehanini," akasema.

"Kundi lenu," akaniambia, "ndipo mahali pa kwanza nilipokisema kwa sauti kubwa. Halafu wewe ukasema hakitoki bara."

Aliyakumbuka maneno yote, hata siku. Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha. Akasema: "Mlishanipa kabila, na mlikuwa mnafurahi nalo. Nikaona nikifungua kamera, mtabaki na adabu zenu, lakini ngano mtaacha kuniomba."

Mtoto wa dada yangu alitukuta sote wawili tunajifuta kwa tishu za mkahawa. Akaenda kuagiza chai nyengine, bila kuuliza.

Si yeye wa kwanza kupewa asili na wengine katika nchi ile. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuleta Durban watumwa waliookolewa kutoka majahazi. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar wakaitwa Wazanzibari, na jina likaganda. Serikali ya ubaguzi ilipotaka kuwapangia kundi, ikawaandika "Waasia wengineo", kisha ikawahamisha kutoka King's Rest kwenda Chatsworth. Wajukuu wao wapo Durban mpaka leo na jina walilopewa.

Fleti ya Windsor

Siku ya pili nilikwenda kwake. Chumba kimoja na sebule, cherehani dirishani, nguo za harusi za wateja zimetundikwa ukutani zimefunikwa plastiki. Alipika wali na sombe, ambayo kwetu tunaiita kisamvu, na samaki wa kukaanga. Nikamtolea halwa. Akaionja, akasema bibi yake alikuwa akiitaja halwa katika ngano, lakini yeye hakujua ladha yake mpaka siku ile.

Nilimwomba radhi pale, sebuleni, kwa maneno kamili: kwa ule ujumbe wa 2021, na kwa kumpita. Hakusema "si kitu". Alisema, "Nimesikia, Mwalimu." Nadhani ni jibu la haki.

Jumatatu ya tarehe 7 Julai ilikuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hatukuwa tumeipanga, imesadifu tu. Jioni tukapiga simu ya video kwa kundi zima kutoka fleti yake, na kwa mara ya kwanza kamera yake ikafunguka. Bi Kisauni akapiga kigelegele. Bi Leicester akalia. Bi Salala akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Karibu mwanangu, tumekungoja sana." Mmoja wetu, sitamtaja mji wake tena, alisalimu kwa adabu zote, na kabla ya wiki kwisha akatoka kwenye kundi bila kuaga. Nilimpigia mara mbili. Hajapokea. Sasa tuko watano.

Ukitaka kukutana na rafiki wa mtandaoni

Wengi mtaniuliza la kufanya, hasa nyinyi wenye vijana. Nasema kama mwalimu:

1. Mwonane kwanza kwa video. Akikataa, mtafute mtu wenu unayemwamini katika mji ule akamwone ana kwa ana. Mimi sikujuta kufanya hivyo, ingawa sababu ya rafiki yangu kujificha ilikuwa ni sisi wenyewe.

2. Kutaneni mahali pa watu wengi, mchana. Katika Johannesburg mwezi wa Julai jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, basi hesabuni na safari ya kurudi.

3. Usiende nyumbani kwake siku ya kwanza, wala usipande gari atakalokutumia. Nenda na mtu wako, na panga mwenyewe jinsi ya kuondoka.

4. Waambie jamaa unakwenda wapi na saa ngapi utarudi. WhatsApp inakuwezesha kumtumia mwanao mahali ulipo moja kwa moja, kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Mwanangu alinifuata kwenye ramani kutoka Seeb mpaka nikarudi Mayfair.

5. Ujue namba za dharura za nchi unayokwenda. Afrika Kusini polisi ni 10111, na kwa simu ya mkononi 112.

6. Mtu ambaye hujamwona akikuomba fedha za tiketi, za hospitali au za viza, simama hapo. Rafiki wa kweli ataelewa.

7. Mambo ya uchumba yasiwe ya siri. Binti asiende kuonana na mtu wa mtandaoni peke yake, na mvulana pia, maana siku hizi wanaonaswa ni wote. Wazazi nao wasiwe wakali mpaka watoto waone kheri kuficha.

8. Hili la mwisho halimo katika maonyo ya polisi. Kabla hujaondoka, jiulize umemchora vipi yule unayekwenda kumwona, na ni kipi katika hayo alichokuambia yeye, na kipi umekitia wewe. Sisi wenye asili ya Kiarabu na Kiswahili tunapenda sana kuuliza "wa nani huyo?", na pale tusipouliza, tunajijibu wenyewe. Yale saba ya mwanzo yalinilinda na hatari ya watu wengine. Hakuna hata moja lililomlinda yeye na mimi.

Rafiki yangu hawezi kuja Maskati kwa urahisi, karatasi za mkimbizi haziendi mbali. Kwa hivyo atakayerudi Randburg ni mimi, mwaka ujao inshallah, na safari hii mjukuu wangu mkubwa anataka kwenda nami. Ana swali kwa Bibi wa Randburg. Anataka kujua yule mtoto wa kwenye kijiji alikuwa anaitwaje kabla hawajampa jina jengine, na kama kuna mtu anayelikumbuka.